Bakapu na Prosesa za Ukoo Mwingine

Seva inayotunza hesabu za sacco, shule au chama cha ushirika pale Nyeri, Karatina au Nanyuki kwa kawaida huwa na prosesa ya Intel au AMD. Hizo ni za ukoo wa x86, ulioanza na Intel 8086 mwaka wa 1978. Ukoo wa pili, Arm, ulizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1985, na kwa muda mrefu wengi wetu tuliubeba mfukoni ndani ya simu. Sasa umeingia kwenye seva: Amazon ilizindua prosesa ya Graviton mwaka wa 2018, na Google ikatangaza Axion mwaka wa 2024. Anayevutiwa na unafuu wake wa umeme na bei ana swali la kujiuliza kabla ya kuhama: bakapu zangu zitafunguka huko?

Nyeri ina mfano wa kutusaidia. Watafiti wa kituo cha DSAIL katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi walitumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zenye prosesa za Arm, kunasa picha za wanyama katika hifadhi ya chuo hicho. Picha kama hizo ni faili za kawaida. Hufunguka kwenye kompyuta ya Intel bila shida yoyote. Lakini kadi yenye mfumo mzima wa Raspberry Pi haiwezi kuwasha seva ya Intel, hata ikinakiliwa biti kwa biti. Data huhama; mashine haihami.

Sababu ni kwamba programu iliyokwisha kuundwa ni mfululizo wa amri zinazoeleweka na ukoo mmoja tu wa prosesa. Programu nyingine huweza kutafsiriwa zikiwa zinaendelea kufanya kazi, kwa gharama ya kasi. Programu ya bakapu ina ugumu zaidi. Ili inakili diski huku makarani wakiendelea kuingiza malipo, mara nyingi huweka kipande chake ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na kipande hicho hakina budi kuundwa kwa ajili ya prosesa iliyopo. Kwa hiyo muuzaji akisema programu yake inakubali Arm, mwulize ni sehemu gani: ile ya kusimamia kazi, au ile inayowekwa kwenye seva yenyewe?

Hifadhidata nazo zina mtego. Folda ya PostgreSQL ikinakiliwa kama ilivyo, haikusudiwi kufunguliwa kwenye prosesa ya muundo tofauti. Njia ya kuvuka ni zana ya pg_dump, inayoandika upya majedwali na rekodi kwa namna ambayo seva ya ukoo wowote huweza kuzisoma.

Hata ndani ya x86 kuna mipaka. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka mwaka wa 2025, inahitaji prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, ambacho Intel ilikifikia kwa kizazi cha Haswell cha mwaka wa 2013. Ofisi iliyonunua seva mpya na kuweka ya zamani, au ya ex-UK, kama ya dharura, inaweza kugundua siku ya msiba kwamba bakapu ni nzima ila mashine ya kuipokea haiwezi kuiendesha.

Hatua za kuchukua hazihitaji fedha nyingi. Kwenye Linux, andika uname -m katika kila seva: x86_64 au aarch64 itakuambia ukoo wake. Weka nakala za aina mbili, picha ya mashine nzima kwa kurejesha haraka kwenye mashine ya aina ileile, na data pekee kwa kuhamia popote. Programu za msimbo wazi kama restic na BorgBackup hupatikana kwa koo zote mbili.

Kisha jaribu kurejesha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inatambua uwezo wa kurejesha data kwa wakati baada ya hitilafu kuwa sehemu ya kuilinda. Akiba ya mwanachama ni jasho lake. Rejesha nakala kwenye mashine mpya, fungua akaunti kadhaa, linganisha salio na la seva ya zamani. Mpaka yalingane, seva ya zamani isizimwe.