Silaha ya Kiunoni ni Amana

Wafanyabiashara wetu wa visiwani wanaovuka bahari kwenda kununua tangawizi ya Mamba Miamba, katika milima ya Upare, hupita mji wa Same, penye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Wengi wao hufunga kiunoni mkoba mdogo wa fedha na vitambulisho. Wachache wenye leseni ya bastola huitia silaha humo humo. Hao wachache ndio tunaokusudia kusema nao leo.

Siku moja tulikuwa Same wakati wa adhuhuri. Mfanyabiashara mmoja alivua mkoba wake ili atie udhu, akautundika kwenye msumari. Msumari ukang'oka, mkoba ukaanguka, na chuma kikagonga saruji kwa kishindo. Alipoufungua, huku mikono ikimtetemeka, tuliona bastola imelala pamoja na funguo, kalamu na sarafu. Risasi haikutoka. Lakini watoto wa madrasa walikuwa wamesimama hatua tatu tu kutoka pale. Tulimshukuru Mungu, kisha tukajiuliza: je, shukrani pekee yatosha?

Haitoshi. Leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, ni ruhusa yenye masharti, nayo yaweza kuondolewa. Mwaka 2016 wamiliki kote nchini walitakiwa kuzipeleka silaha zao zihakikiwe. Kwa hiyo bastola si mali kama jembe. Ni amana, na umma ndio uliomwamini mtu huyo.

Basi amana hii hubebwaje? Kifyatulio hakitofautishi kidole na ufunguo. Hukitii chochote kikisukumacho. Kwa sababu hiyo mkoba wenye bastola hautiwi kitu kingine chochote. Ndani yake pawepo ala ngumu inayofunika kifyatulio na kuishika bastola isigeuke. Mbebaji ajue wakati wote mtutu unaelekea wapi, hasa akiketi ndani ya basi, ambapo mkoba humlalia pajani na kumwelekea jirani yake. Risasi isikae ndani ya mtutu tayari kufyatuliwa. Mkanda uwe imara, na mkoba usiachane na mwili.

Tena yuko adui mwingine. Mwizi wa stendi hajui kama mna bastola. Yeye atafuta fedha, na wembe mmoja wamtosha kukata mkanda. Anayechanganya fedha na silaha humkabidhi mwizi vyote viwili kwa mkato mmoja. Wenzetu wa Afrika Kusini waliliandika jambo hili katika sheria yao ya mwaka 2000: bastola hadharani ifunikwe kabisa, na mwenye nayo aweze kuimiliki barabara. Kuificha bila kuimiliki ni nusu ya wajibu.

Kwa hiyo anayejua kwamba njiani atavua mkoba kwa udhu, kuoga au kulala, heri aiache silaha nyumbani, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Na kama anachokilinda ni fedha, tangu mwaka 2008 fedha zimekuwa zikitumwa kwa simu hapa nchini. Fedha isiyokuwamo mkobani haihitaji mlinzi wa chuma.

Tunawaomba maofisa wanaohusika na leseni wasiishie kukagua karatasi na namba. Wamtake mwombaji aoneshe mkoba wake, ala yake, na sanduku atakamoiweka silaha usiku. Dakika chache za ukaguzi huo zaweza kuokoa maisha ya mtoto.

Same yenyewe ina somo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani, wakakusanyika hapo kuipinga kodi ya mbiru. Nguvu yao ilikuwa umoja na subira, na hatimaye serikali ya kikoloni ililazimika kuiacha kodi ile. Hatusemi kwamba msafiri hana haki ya kujilinda. Tunasema kwamba anayejifunga silaha kiunoni amejifunga pia usalama wa kila aliye karibu naye. Amana hairudishwi nusu.