Kemikali za Bhangi na Safari ya Maumivu Kwenye Neva

Maumivu hayaanzii ubongoni. Mtu anapokanyaga mwiba au kushika sufuria ya moto, habari ya madhara hayo hupokewa kwanza na ncha za seli za neva za hisia zilizotandaa kwenye ngozi, misuli na viungo vya ndani, kisha husafiri hadi kwenye uti wa mgongo, ambako hukabidhiwa seli nyingine zinazoifikisha ubongoni. Watu wengi hudhani kuwa bhangi hupunguza maumivu kwa kuulevya ubongo tu, lakini utafiti unaonyesha kuwa baadhi ya kemikali zake huikabili ishara ya maumivu mapema zaidi, ikiwa bado ndani ya neva hizo za pembeni. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa tiba, kwa kuwa dawa inayotuliza neva bila kuugusa ubongo haitamlevya mgonjwa.

Ishara ya maumivu ni umeme. Seli ya neva ikiwa imetulia, upande wa ndani wa utando wake huwa na chaji hasi kuliko nje. Kichocheo kikali kinapofika, vijia vya protini vilivyomo kwenye utando hufunguka, ioni za sodiamu, yaani chembe za sodiamu zenye chaji chanya, huingia kwa wingi, na mpigo wa umeme huanza safari. Binadamu ana aina tisa za vijia vya sodiamu, na viwili kati yake, vinavyoitwa Nav1.7 na Nav1.8, hufanya kazi kubwa kwenye neva za maumivu: cha kwanza hukuza vichocheo vidogo, na cha pili hubeba sehemu kubwa ya mkondo wa umeme na kuiwezesha seli kurusha mipigo mfululizo. Umuhimu wa Nav1.7 ulidhihirika mwaka 2006, watafiti walipoeleza familia za Pakistani ambazo watoto wake kadhaa, kwa hitilafu ya jeni ya kijia hicho, hawakuwahi kuhisi maumivu, hivyo waliungua na kuvunjika mifupa bila kuonywa na miili yao.

Kemikali za bhangi huingilia safari hiyo kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya tetrahidrokanabinoli, au THC, kemikali inayolevya, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenganisha nchini Israeli mwaka 1964. THC hushika kipokezi kiitwacho CB1, protini ya kwenye utando ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1990. Kipokezi hicho kikiamshwa kwenye mwisho wa neva ndani ya uti wa mgongo, vijia vya kalsiamu hufungwa, na seli hupunguza kumwaga kemikali zinazopokeza ishara kwa seli inayofuata. Mwaka 2007 ilionekana kuwa panya walioondolewa CB1 kwenye neva za maumivu za pembeni pekee walipoteza sehemu kubwa ya nafuu iliyoletwa na dawa za jamii hiyo. Tatizo ni kwamba CB1 imejaa pia ubongoni, ndiyo maana nafuu ya THC huambatana na ulevi na kudhoofika kwa kumbukumbu.

Njia ya pili haihitaji CB1. Kanabidioli (CBD) na kanabigeroli (CBG), ambazo hazilevyi kama THC, huzuia vijia vya sodiamu vyenyewe, vilevile vinavyozuiwa na sindano ya ganzi ya daktari wa meno. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipolinganisha CBD, CBG na kanabinoli kwenye Nav1.8, CBG ndiyo iliyoonyesha nguvu zaidi. Januari ya mwaka huohuo Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa isiyotokana na bhangi inayozuia Nav1.8, kwa maumivu ya ghafla ya watu wazima, uthibitisho kwamba kijia hicho ni shabaha halisi ya tiba.

Hata hivyo, seli iliyotulizwa maabara si mgonjwa aliyepona. CBD ikimezwa, ni sehemu ndogo tu inayofika kwenye damu. Inaweza kuathiri ini na kubadili utendaji wa dawa nyingine, ikiwemo warfarini ya kuzuia damu kuganda. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu lilieleza kuwa ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza matumizi ya jumla ya kemikali hizi. Msokoto wa bhangi, ambao pia ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, hauna kipimo kinachojulikana, na huupeleka moshi mapafuni na THC ubongoni.

Mwenye maumivu sugu hapaswi kubezwa wala kuachwa ajitibu kwa kubahatisha. Anastahili dawa yenye kiwango kilichopimwa na madhara yanayofahamika, na utafiti wa vijia vya sodiamu unastahili kuungwa mkono kwa sababu unaonyesha mahali pa kuitafuta.