Kodi bila leseni si zawadi

Kila mwezi hesabu za malaria, za uzazi na za chanjo zinatoka kwenye vituo vya afya vya Kabondo-Dianda, zinafika kwenye ofisi ya zoni ya afya, na pale zinaingizwa ndani ya DHIS2. Programu hiyo ilizaliwa kwenye Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norwei. Leo inatumika katika inchi yetu nzima. Hakuna anayelipa leseni. Juu ya nini? Juu wenye kuitunga waliiweka chini ya leseni BSD: tumia, badilisha, gawa, lakini usifute jina la mtungaji.

Vijana wetu wa ordinatere nao wanaandika. Tuseme mmoja ametengeneza kamaktaba, ni kusema kipande cha kodi cha kuhesabu wagonjwa wa malaria, ambacho wengine wanaweza kuingiza ndani ya programu zao. Anakaweka kwenye intaneti, anafikiri amekatoa bure. Bado! Kwa Mkataba wa Berne, ambao Kongo imo, kazi inalindwa tangu inapotungwa, hata kama haikuandikishwa. Bila leseni, watu watasoma paka. Ruhusa ya kutumia hawana.

Basi achague gani? Kwa MIT ao BSD, mfanyabiashara anaweza kuchukua maktaba, kuitengeneza vizuri zaidi na kuiuza, bila kuonyesha alichobadilisha. Kwa GPL, anayegawa programu yenye maktaba hiyo ndani yake anapaswa kutoa kodi ya programu nzima, wengi wataogopa. LGPL iko katikati: programu yake inabaki yake, lakini akibadilisha maktaba na kuigawa, wanaoipokea wana haki ya kuona kodi ya mabadiliko.

Kwa hesabu za wagonjwa, sisi tungechukua LGPL. Kosa likisahihishwa Lubumbashi, muganga wa Kabondo-Dianda asifichwe namna lilivyosahihishwa.

Ila achague siku ya kwanza. Wakiisha kuchangia watu kumi, kubadilisha leseni kunaomba ruhusa ya kila mmoja. OpenStreetMap ilibadilisha yake mwaka 2012. Michango ya waliokataa iliondolewa kwenye ramani. Na kama kodi iliandikwa kwa mushahara wa mukubwa wa kazi, aulize kwanza: ni ya nani?

Kisha aweke faili LICENSE, mwaka na jina lake. Hapo ndipo zawadi inakuwa zawadi.