Nguvu Zazidi, Barabara Ni Ile Ile

Mwaka 2005 gari la Bugatti Veyron, lililoundwa Ufaransa, liliushangaza ulimwengu kwa nguvu za farasi 1,001 kutoka injini ya silinda 16. Mwaka 2021 Tesla ya Marekani ilitoa Model S Plaid, gari la kawaida la milango minne, lenye nguvu za farasi 1,020 kwa mota tatu za umeme. Basi, siku zijazo kupata nguvu hakutakuwa kazi ngumu; kazi itakuwa kuzitawala.

Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike huzidi mara nne. Sheria hiyo haibadilishwi na kiwanda chochote. Askari akabidhiwaye usukani na aikumbuke kabla ya kukanyaga mafuta.