Jina la Mtoto na Kazi ya Baba Katika Siku za Kwanza



Mara nyingi katika materniti tunaandika kwenye fishi: "Mtoto wa mama fulani." Jina lenyewe halijapatikana. Baba hajafika, ao jamaa bado wanabishana. Si vibaya kungojea jina siku chache. Lakini mtoto mwenyewe hangojei. Anataka joto, maziwa na mikono safi tangu saa ya kwanza. Kwa hiyo leo tunasema juu ya jina, na juu ya baba pia. Soma karatasi hii pamoja na bwana yako. Kama hajui kusoma, umsomee.

HABARI YA BABA MMOJA

Baba mmoja alikuwa na wasichana wawili. Mimba ya tatu aliingojea kwa hamu, akatayarisha jina la marehemu baba yake kwa ajili ya kijana. Alipoambiwa, "Ni msichana," alienda zake bila kumtazama. Mama alirudi nyumbani na mtoto asiye na jina. Hakuna aliyemsaidia. Alichota maji mwenyewe, akatafuta kuni mwenyewe, na mtoto akabaki peke yake kitandani. Siku ya tano alituletea mtoto, miguu baridi, hana nguvu ya kunyonya.

Tulimchoma mtoto dawa, tukamweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, tukamnywesha maziwa ya mama kidogo kidogo. Kisha tukatuma mtu amwite baba. Alipofika nilimwambia, "Baba, mama hajakula tangu asubuhi. Fungua shati." Alishangaa, lakini alifungua. Tukamfunga mtoto kifuani pake kwa kikwembe. Akakaa hivyo wakati mama alikula na kulala.

Jioni mtoto alikuwa na joto. Baba aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama muganga, jina la baba yangu, msichana anaweza kulibeba?" Nikamjibu, "Nani alikukataza?" Siku ile tuliandika jina kwenye fishi. Leo msichana yule anasoma shule.

JINA LINATOKA WAPI?

Kwetu Kongo kila kabila liko na desturi yake. Wanande wanafuata namna watoto wanavyofuatana: kijana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Waluba wanaita mapacha Mbuyi na Kabanga. Wengine wanamrudisha babu ao nyanya. Desturi hizi ni nzuri. Zinamwambia mtoto kwamba ana watu wake.

Lakini kuna majina ya uchungu. Mama aliyezika watoto anampa huyu jina baya ili kifo kisimtamani. Tunaelewa machozi yake. Lakini jina baya halizuii homa. Kinachomlinda mtoto ni maziwa, joto, usafi na sindano. Tena sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 inakataza jina la matusi ao la kumpatisha mtu haya.

Mkumbuke Zakaria na Elisabeti. Jamaa walitaka mtoto aitwe kama baba yake. Mama alikataa. Walipomwuliza baba, yeye aliomba kibao, akaandika jina lile lile ambalo mama alisema. Ni vizuri baba na mama wasikilizane mbele ya jamaa, na jina liandikwe.

KAZI YA BABA NI GANI?

1. Achote maji, alete kuni, ili mama apate nafasi ya kunyonyesha. Mtoto ananyonya mara 8 mpaka 12 mchana na usiku. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, si machafu, ni kinga. Hapana maji, hapana uji, mpaka miezi 6.

2. Alete chakula: maharagi, sombe, samaki, mayai. Mama anayenyonyesha asinyimwe yai kwa sababu ya mwiko.

3. Abebe mtoto. Kifua cha baba kinatoa joto pia. Mtoto asioshwe mpaka saa 24 zipite.

4. Alinde kitovu. Kikae kikavu. Hapana kupaka majivu, mafuta wala mavi ya ng'ombe, kwani vitu hivi vinaweza kuleta pepopunda. Kama muuguzi alikupa dawa ya kitovu, tumia hiyo tu.

5. Anawe mikono. Asivute tumbaku ndani ya nyumba. Wageni wenye kikohozi wangojee nje.

6. Asindikize mama na mtoto kwenye kliniki kwa sindano ya BCG na matone ya polio.

MKIMBIE HOSPITALI MARA MOJA, usiku ao mchana, kama mtoto hataki kunyonya, ni baridi ao ana homa, anapumua mara 60 ao zaidi kwa dakika moja, anashtuka-shtuka, viganja na nyayo ni vya manjano, ao kitovu ni chekundu na kinatoa usaha. Vilevile kama mama anatoka damu nyingi, ana homa, ao kichwa kinamuuma sana.

JINA LIANDIKWE

Karatasi ya materniti haitoshi. Baba ao mama aende nayo kwenye biro ya etasivili mbele ya siku 90 kupita tangu mtoto azaliwe. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Zikipita, mtahitaji hukumu ya tribinali, na hiyo inaomba feza na safari nyingi. Jina liandikwe kwa herufi zile zile kwenye karatasi zote, ili kesho mtoto asisumbuliwe shuleni.

Wamama, bwana yako akikuuliza, "Mimi siko na maziwa, kazi yangu ni gani?" umwonyeshe karatasi hii, kisha umwekee mtoto mikononi.