Boksi la Mboga Kutoka Shambani: Faida Zake na Tahadhari Zake

Tumezoea kutaniana kwamba huku Marekani tunabeba maboksi, na kweli tunayabeba. Leo nataka tuzungumzie boksi la aina nyingine. Hili likiingia jikoni kwako linaweza kukusaidia kushusha presha, na lisipoeleweka linaweza kukupeleka hospitali.

Hali yetu mnaijua. Shifti mbili, ukitoka kazini saa tano usiku duka lililo wazi ni la kuku wa kukaanga na soda. Wengi tunafika nchi hii tukiwa wazima, baada ya miaka michache tunahesabu vidonge vya presha na kisukari. Mboga tuliyoikulia nyumbani imegeuka chakula cha sikukuu.

NI KITU GANI?

Wenyewe wanakiita CSA, yaani kilimo kinachobebwa na jamii. Unamlipa mkulima wa karibu mwanzoni mwa msimu, naye kila wiki anakupa fungu lako la mavuno. Kinafanana kidogo na upatu: pesa inatangulia, kupokea kunafuata. Tofauti ni kwamba mnagawana na hasara pia. Mvua ya mawe ikipiga, boksi lako linapungua na pesa hairudi.

Hapa Marekani mashamba ya kwanza ya mtindo huu yalianza mwaka 1986, katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Japani walikuwa na mtindo wao unaofanana tangu miaka ya 1970, wanauita teikei.

Majimbo ya kaskazini msimu huwa kuanzia Juni hadi Oktoba. Lakini kujiandikisha hufanyika wakati wa baridi, Januari hadi Machi, kwa sababu ndipo mkulima anapohitaji pesa ya mbegu. Ukingoja joto lifike, mara nyingi utakuta nafasi zimejaa.

PESA JE?

Tufanye hesabu ya mfano. Shamba likitoza dola 500 kwa wiki 20, ni dola 25 kwa wiki. Kama hiyo ni nzito, uliza kuhusu nusu fungu, au mchukue fungu moja familia mbili mgawane. Mashamba mengine yanakubali ulipe kidogo kidogo, na mengine yanakupunguzia ukiwasaidia kazi saa chache.

Wenye kadi ya SNAP pia wanaweza kuitumia kwa mashamba yaliyoidhinishwa. Sharti ni kwamba huwezi kulipia msimu mzima kwa mkupuo. Malipo hayatakiwi kutangulia zaidi ya siku 14 kabla ya kupokea mboga. Massachusetts wana mpango wa HIP, ulioanza mwaka 2017, unaorudisha kwenye kadi sehemu ya pesa uliyonunulia mboga kwa mkulima. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imebadilisha wahamiaji wanaostahili SNAP na imewagusa wakimbizi wengi, kwa hiyo uliza ofisi ya jimbo lako kabla hujapiga hesabu za kadi.

Tena wapo wakulima wenzetu. Des Moines, Iowa, na Manchester, New Hampshire, kumekuwa na miradi ambayo wakimbizi kutoka Burundi na nchi nyingine za Afrika wamelima na kuuza mafungu ya namna hii. Kwa watu kama hao huna haja ya kueleza mchicha ni nini.

UTAKAYOYAKUTA NDANI

Collards ni sukuma wiki ile ile, ipike ulivyozoea. Chard ndiyo wengi wetu tuliyoizoea kwa jina la spinachi. Bamia huja kwenye joto la Julai na Agosti. Mwambie mkulima unataka majani ya maboga na matembele. Wengi wao huyaacha shambani bila kujua kuwa ni chakula. Majani ya biti nayo yanaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Sisi ni watu wa kula majani, lakini SI KILA JANI LA BOKSI NI MBOGA. Mwanzoni mwa msimu unaweza kupata mmea wenye vikonyo vyekundu unaoitwa rhubarb. Kikonyo kinaliwa, jani lake ni SUMU. Likija na jani, kata utupe. Majani ya viazi mviringo pia msiyapike.

WENYE DAWA WASOME HAPA

Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande: mboga za kijani kibichi zina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Mtu aliyekuwa akila mboga mara moja kwa wiki, ghafla akaanza kula sahani nzima kila siku, damu yake inaweza kuganda na akapata kiharusi. Usiache mboga na usiache dawa. Kula kiasi kinacholingana kila wiki, na mwambie daktari kabla boksi la kwanza halijafika ili kipimo cha INR kifuatiliwe.

Wenye ugonjwa wa figo: spinachi, chard, majani ya biti, viazi na nyanya vina potasiamu nyingi, na figo dhaifu zinashindwa kuitoa. Ikizidi, inavuruga mapigo ya moyo. Mwombe mtaalamu wa lishe wa kliniki yako akuandikie unachoruhusiwa.

Wenye kisukari: viazi na mahindi ya boksi ni wanga, havihesabiwi kama mboga. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo samaki, nyama au maharage.

JIKONI

Osha mboga kwanza, halafu katakata. Usitie magadi kulainisha. Yanaharibu vitamini na kuongeza sodiamu, ambayo ni adui wa presha. Vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi tupu, tumia kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu.

Boksi likikushinda, usitupe. Chemsha majani dakika mbili au tatu, yatumbukize kwenye maji ya barafu, kamua, weka friza kwa mafungu ya mlo mmoja. Januari theluji ikiwa magotini, utakuwa na sukuma wiki yako ndani ya nyumba.

Kwa hiyo mwite jirani mgawane fungu, na wazazi walio na dawa zao wapelekeni kwa daktari kwanza. Mungu awajalie afya njema.

Ni mimi muuguzi wenu.