Fahamu Namna Mkanda wa Bega Unavyofungwa Katika Gari la Zamani

Na Mwandishi Wetu

Gari la Ford Mustang lilipozinduliwa Aprili 17, 1964 katika maonesho ya dunia yaliyofanyika New York, mkanda wa usalama uliokuwamo kwenye viti vyake vya mbele ulikuwa wa kiunoni pekee. Kwa toleo la mwaka huohuo kampuni ya Pontiac iliingiza sokoni GTO, gari la familia lililotiwa injini ya lita 6.4, na watu wengi hulihesabu kuwa ndilo lililofungua zama za magari ambayo Wamarekani huyaita "magari ya misuli". Injini zilikua, mwendo ukaongezeka, lakini kifua na kichwa cha dereva viliachwa bila cha kuvizuia.

Magari hayo hayakuishia kwenye majumba ya makumbusho. Wapo wanaoyatunza, huyaendesha siku za mapumziko na kuwapakia watoto na wajukuu wao. Ndiyo sababu kazi ya kuyaongezea mkanda wa bega imekuwa jambo la kawaida nchini Marekani. Kazi hiyo huonekana ndogo, kwani kwa macho ni utepe, kifungio na boliti chache. Ugumu wake hauonekani, kwa kuwa umejificha ndani ya bati.

Ili kuelewa ugumu huo, inafaa kuanza na hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takribani mita 14 kila sekunde. Mtu aliyemo ndani yake linapogonga ukuta ni sawa na aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Tuchukue mtu mwenye kilo 70. Iwapo sehemu ya mbele ya gari itajikunja na mkanda ukanyooka kidogo, kiasi cha mwili wake kusimama ndani ya nusu mita, nguvu ya wastani inayomzuia ni nyutoni 13,500 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 1,375, uzito wa gari dogo la abiria lililojaa kila kitu chake. Nguvu hiyo yote hupita kwenye utepe, kisha kwenye boliti, na mwisho kwenye bati lililoshikwa na boliti hizo.

Mkanda wa kiunoni peke yake humzuia mtu asirushwe nje ya gari, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, mwili wa juu hubaki huru, hivyo hujikunja kwa nguvu kuanzia nyonga na kichwa hukutana na usukani au dashibodi. Katika magari mengi ya miaka ya 1960, dashibodi ilikuwa ya chuma kitupu na mhimili wa usukani ulikuwa fimbo isiyojikunja, iliyoelekea moja kwa moja kwenye kifua cha dereva. Viwango vya serikali ya Marekani vilivyodai usukani unaonywea wakati wa ajali vilianza kutumika kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 1968.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa limepatikana mapema, tena Ulaya. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo nchini Sweden, Nils Bohlin, ambaye awali alikuwa akisanifu viti vya kurusha marubani nje ya ndege katika kampuni ya Saab, alibuni mkanda wenye ncha tatu: utepe mmoja unaopita kiunoni na kifuani na kufungwa chini pembeni mwa nyonga kwa mkono mmoja. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo bila malipo. Marekani ilichelewa. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu kilichowalaumu watengenezaji wa magari kwa kuupuuza usalama, Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya taifa ya usalama wa magari, na kuanzia Januari 1, 1968 magari mapya ya abiria yakatakiwa kuwa na mikanda ya bega kwenye viti vya mbele vya pembeni. Magari yasiyo na paa gumu yaliachwa nje ya sharti hilo la bega, na sababu yake itaonekana hapa chini.

Mikanda hiyo ya kwanza haikupendwa. Mkanda wa bega ulikuwa kipande cha pekee kilichobanwa darini, na wengi waliuacha hukohuko. Kwa magari ya toleo la mwaka 1974 serikali iliagiza kifaa kinachozuia injini kuwaka hadi mikanda ya mbele ifungwe. Wananchi walikasirika mno, na Oktoba 1974 Bunge la nchi hiyo likakiondoa kifaa hicho kisheria. Kilichosalia ni mkanda wenyewe wa ncha tatu usiotenganishwa, na manufaa yake yamepimwa: kwa mujibu wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, mkanda wa kiunoni na begani hupunguza uwezekano wa kifo kwa asilimia 45 kwa wanaokaa viti vya mbele vya magari madogo.

Viwango hivyo huhusu magari mapya. Mwenye Mustang ya mwaka 1965 halazimiki kuifanya ifanane na gari la leo. Kwa hiyo uamuzi humwangukia mmiliki na fundi wake, bila mkaguzi wa kiwanda kusimama katikati yao. Hapo ndipo makosa huanzia.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni mahali pa kushikiza ncha ya juu. Magari mengi ya aina hii yana milango miwili na hayana nguzo ya katikati. Madirisha yote yakishushwa, ubavu wa gari huwa wazi kuanzia kioo cha mbele hadi nyuma. Ni sura inayopendeza, na wengi huyanunua kwa ajili yake. Lakini katika gari la kisasa ncha ya juu ya mkanda hushikizwa kwenye nguzo hiyohiyo isiyokuwapo hapa. Fundi hubaki na mhimili wa pembeni wa paa, au muundo wa ubavu wa nyuma ya mlango.

Mhimili wa paa ni mabati mawili au zaidi yaliyounganishwa yakafanya boksi lenye uwazi ndani. Likitobolewa tundu na kutiwa boliti yenye washa ndogo, litashika vizuri siku zote za mwaka isipokuwa siku ya ajali, ambapo boliti itachomoka na kipande cha bati. Kinachotakiwa ni bamba la chuma lenye nati iliyochomelewa, liingizwe ndani ya mhimili na kuchomelewa kwenye chuma kizima kuzunguka kingo zake, ili nguvu isambae kwenye eneo pana. Kanuni za mashindano ya magari za shirikisho la kimataifa, FIA, hutoa kipimo kinachoweza kuwa mwongozo mzuri: bamba lisipungue sentimita za mraba 40 kwa eneo na milimita 3 kwa unene. Kitambaa cha dari lazima kishushwe kabla ya kuchomelea, na mahali palipochomelewa pakingwe na kutu. Kutu ikiwa imekwisha kuingia, bamba nene kiasi gani halitasaidia, kwa sababu litashikwa na bati lililooza.

Nguvu ambayo ncha hizi hutakiwa kuhimili inajulikana. Kiwango cha Marekani cha sehemu za kushikizia mikanda hudai kwamba katika jaribio, sehemu ya kiunoni ivutwe kwa nguvu ya takribani kilo 1,360 na sehemu ya bega ivutwe kwa kiasi hichohicho, zote kwa pamoja. Ni vyema fundi aambiwe tarakimu hiyo kabla hajachukua drili.

Urefu wa ncha ya juu nao una maana. Isiwe chini ya bega la aliyeketi. Kosa linalorudiwa sana ni kuupitisha mkanda juu ya bega, kisha kuushusha nyuma ya kiti hadi sakafuni, kwa kuwa sakafu ni rahisi kutoboa. Mwili unaposukumwa mbele, mkanda wa namna hiyo huvuta bega kuelekea chini na kuubana uti wa mgongo kwa urefu wake. Mtu anaweza kunusurika na kioo akavunjika mgongo. Mikanda ya mashindano yenye ncha nne, inayovutia kwa macho katika magari haya, ndiyo hufungwa vibaya hivi mara nyingi.

Ncha za chini zina nafuu, kwani gari lililokuja na mkanda wa kiunoni huwa tayari na mahali palipoimarishwa sakafuni. Hata hivyo pakaguliwe kwa chini, zulia likiwa limeondolewa. Mkanda wa kiunoni unapotazamwa kwa ubavu unapaswa kupanda kwa pembe kati ya nyuzi 30 na 75 kutoka mlalo wa sakafu, ili ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukilala mno, mwili huteleza chini yake na utepe hupanda tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuuzuia.

Boliti za mikanda katika magari ya Marekani ni za kipenyo cha inchi 7/16, zenye nyuzi laini 20 kwa inchi. Boliti imara ya daraja la 8 hutambulika kwa mistari sita kichwani. Yenye mistari mitatu ni ya daraja la 5. Isiyo na mstari wowote haifai kabisa kwa kazi hii, hata kama imeingia vizuri. Kwa zile za vipimo vya milimita, hutafutwa alama ya 8.8 au zaidi. Aidha, bamba la mkanda linapaswa kuzunguka kwa uhuru kwenye boliti yake. Likikazwa likaganda, utepe hujipinda na kuvutwa kwa ukingo mmoja.

Kikunjio, yaani kile kisanduku kinachouvuta utepe na kuukaza gari linapopunguza mwendo ghafla, huwa na kijiwe au goroli inayosogea kwa mshtuko na kukifunga. Kwa kuwa hutegemea uzito wake, kikunjio kilichotengenezwa kusimama wima hakiwezi kulazwa. Kikiinamishwa mno, ama kitaganda na mkanda usivutike, ama hakitafunga unapohitajika. Wanaouza mikanda hiyo hueleza pembe yake, na wengine huuza kikunjio kinachoweza kurekebishwa. Anayenunua kwa kutazama rangi ya utepe pekee hujikuta akinunua mara ya pili.

Kiti chenyewe husahauliwa. Katika magari mengi ya milango miwili ya kabla ya 1968, mgongo wa kiti cha mbele hulala mbele bila komeo lolote ili abiria wa nyuma aingie. Abiria huyo wa nyuma akiwa hajafungwa, humsukuma wa mbele pamoja na kiti, na mkanda mpya hulazimika kuwabeba wawili.

Hapa nchini Mustang na Pontiac za miaka hiyo ni nadra, lakini Land Rover, Peugeot na Volkswagen za umri huo bado zinatembea, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humtaka dereva na abiria wa kiti cha mbele kufunga mkanda. Mwandishi wa makala haya aliwahi kusafiri katika gari moja la namna hiyo na kuonyeshwa kwa fahari mkanda wa bega uliofungwa siku chache kabla. Ncha yake ya juu ilishikwa na boliti isiyo na alama, na kwa nyuma ya bati palikuwa na washa ya ukubwa wa sarafu. Tulifunga mkanda, tukaenda polepole.

Jirani zetu wa Kenya walikutana na suala hilihili kwa ukubwa wa taifa pale masharti yaliyotolewa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, yalipoanza kutekelezwa Februari 1, 2004. Kila kiti cha matatu kilitakiwa kuwa na mkanda. Mkanda unapofungwa kwenye kiti badala ya bodi, uimara wake hauwezi kuzidi ule wa miguu ya kiti na sakafu iliyokishika. Kanuni hiyo haibadiliki kwa basi dogo wala kwa gari la fahari.

Yamebaki magari ya paa la turubai. Hayana mhimili wa paa, na ndiyo maana sharti la mwaka 1968 halikuyagusa. Kwa mmiliki wa gari hilo zipo njia mbili tu za kweli: kuchomelea upinde wa bomba la chuma nyuma ya viti, uliofungwa kwenye muundo wa sakafu, au kuweka viti vilivyotengenezwa na mkanda ndani yake baada ya kuiimarisha sakafu yenyewe, kwa kuwa viti hivyo huielemea kwa nguvu zote za bega na za kiuno. Zote mbili ni ghali na hubadilisha sura ya gari. Asiyekuwa tayari kwa mojawapo ni heri abaki na mkanda mzuri wa kiunoni kuliko kuufunga wa bega kwenye sakafu nyuma ya mgongo wake.